Nasomea macho ya watu, kichwa changu kinauma kila alasiri. Mliopita huku mlifanyaje?

Mgonjwa_wa_Darasa

Wakuu, habari za humu. Mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ndiyo mara ya kwanza, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Nasoma optometria, yaani upimaji wa macho, mwaka wa tatu, nina miaka 22. Mwaka wa kwanza na wa pili nilivuka vizuri tu: optiki, anatomia, hesabu za prizimu, nilikuwa miongoni mwa wale wanaoazimwa madaftari. Mwaka huu wa kliniki ndio umenivuruga. Asubuhi muhadhara, mchana vitendo, jioni kujiandaa kwa wagonjwa wa kesho, na kusoma kwenyewe ni usiku. Nalala saa nane, naamka saa kumi na mbili. Chakula cha mchana nakula nikikikumbuka, na mara nyingi nakikumbuka saa kumi.

Sasa tatizo. Kila siku kuanzia kama saa tisa alasiri kichwa kinaanza kubana juu ya nyusi, pande zote mbili, kama mtu kanifunga kitambaa akakikaza. Jioni nikishika kitabu, ukurasa wa kwanza unakwenda. Wa pili herufi zinaanza kuogelea. Wa tatu najikuta nimesoma mstari uleule mara nne na sijui unasema nini. Nayasugua macho, nasogeza kitabu karibu zaidi, naendelea. Nasomea kitandani kwa sababu mezani shingo inauma. Nyumbani wanasema nimekuwa mvivu, na mimi mwenyewe nimeanza kuwaamini, maana likizo kichwa hakiumi hata siku moja.

Kabla hamjauliza: macho yangu mazima. Kwenye ubao wa herufi nasoma 6/6 kila jicho, kiwango cha kawaida cha kuona mbali, na nikijibana nafika 6/5.

Tena macho yangu ni maarufu. Mimi ndiye mgonjwa wa darasa, ndiyo maana ya jina langu humu. Mboni zangu zinapanuka haraka, sipepesi ovyo, naweza kutazama taa bila kutoa machozi, basi kila mwenye vitendo ananitafuta mimi. Mwezi uliopita nilitiwa tropikamidi, matone ya kupanua mboni, mara tano. Kila mara jioni yote imekwenda, mwanga unachoma na maandishi ya karibu ni ukungu mtupu.

Kuna na utani wake. Wenzangu wakinipima kwa retinoskopu, kile kifaa cha mwanga cha kutafutia lenzi ya mtu, wanatoka na plasi mbili, au plasi moja na robo tatu, yaani lenzi za mtu anayepata shida kuona karibu. Mkufunzi anawauliza kama wamesahau kutoa umbali wa kazi, ile namba inayopunguzwa kwa sababu ya umbali wa mpimaji na jicho. Wamefika wanne sasa, na imeshakuwa msemo darasani kwamba ukimpima huyu lazima usahau kutoa. Mmoja aliipima upya mara tatu, ana uzi wake wa sentimita 67 wa kupimia huo umbali kaufunga kwenye mpini wa retinoskopu, ananyoosha uzi mpaka kwenye nyusi zangu kila mara, na bado akaambiwa akarudie hesabu. Nilicheka na mimi.

Aibu yangu mimi ni oftalmoskopu, kile kifaa cha kutazamia ndani ya jicho. Sioni retina (pazia la nyuma ya jicho) ya mtu yeyote mpaka nizungushe gurudumu la lenzi lifike mainasi tatu, namba ya mtu asiyeona mbali. Yeyote yule. Juzi msimamizi kaniuliza mbele ya wenzangu, "Wagonjwa wako wote hawaoni mbali?"

Naomba ushauri. Mlipangaje usingizi na kliniki? Kuna aliyewahi kusimamisha mwaka kwa ajili ya afya akarudi akamaliza? Nawaza hivyo, sitanii.

Nimerudia_Mwaka

Pole sana dada. Nakujibu kama mtu aliyerudia mwaka, si kwa kufeli hesabu bali kwa ujinga wa kiafya, na hadi leo nikikumbuka nakunja uso.

Tulikuwa tunajifunza lenzi za kuvaa juu ya jicho lenyewe. Nikajipima mwenyewe, nikajivalisha, nikajiona fundi. Wiki ya mitihani nikawa nalala nazo, maana kuzitoa saa tisa usiku na kuziosha ni kazi. Na nilikuwa nimeshaandika kwa mkono wangu, katika insha ya kozi, kwamba kulala na lenzi kunaongeza hatari ya vijidudu kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho! Siku ya tatu niliamka jicho la kulia jekundu, siwezi hata kutazama dirisha. Kidonda cha konea, kidogo kama ncha ya kalamu. Matone kila saa, usiku na mchana, siku mbili mfululizo. Alamu inalia, natia tone, najifuta, nalala dakika hamsini, inalia tena. Mtihani wa vitendo ukanipita. Makovu namshukuru Mungu yalibaki pembeni, nje ya njia ya kuonea.

Nilichobadilisha niliporudi ni vitu viwili tu vya maana. Cha kwanza ni usingizi: saa ya kuamka ikawa ileile kila siku, hata Jumapili. Saa ya kulala ilijipanga yenyewe baada ya siku kama kumi, kwa sababu mwili ulijua hauna pa kufidia. Na kahawa ya mwisho ni saa nane mchana. Saa tano baada ya kuinywa, karibu nusu yake bado inazunguka mwilini.

Cha pili ni namna ya kufanya mazoezi. Tulikuwa tunapima macho Jumamosi nzima, saa tano mfululizo, na kufikia jicho la kumi na mbili unaona kile kivuli cha retinoskopu kinatembea hata ukutani. Nikaacha. Dakika ishirini kila siku baada ya muhadhara, macho mawili, basi. Mkono ulijifunza haraka zaidi, na Jumamosi nikaipata.

Kusimamisha mwaka si aibu, lakini usisimamishe kabla ya kula chakula cha mchana kwa wiki tatu ukaona. Naongea kwa uzito. Mtu anayekula saa kumi ataumwa kichwa saa tisa.

prizimu_base_in

Kinyozi hajinyoi 😂 Ila plasi mbili kwa watu wanne? Hao wote wamesahau?

Mama_Lenzi

Huyo wa juu yangu kacheka lakini kagusa penyewe. Mwanangu, nimesoma ulichoandika mara mbili, na mara ya pili nimesoma kama kadi ya mgonjwa. Niko kliniki mwaka wa kumi na nne huu. Hebu nikurudishie maneno yako mwenyewe.

Kichwa juu ya nyusi, pande zote mbili. Kinaanza alasiri, hakianzi asubuhi. Likizo hakipo. Kusoma karibu kunakichochea. Herufi zinaogelea baada ya kurasa chache. Watu wanne, mmoja na uzi, wamekukuta na plasi. Na wewe unahitaji mainasi tatu kuona retina ya kila mtu. Angekuletea mgonjwa maneno haya, ungeandika nini kwenye mstari wa chini?

Unasema macho mazima kwa sababu ya 6/6. Mtu mwenye plasi iliyojificha, wa umri wako, anasoma 6/6 bila shida. Misuli ya ndani inajikaza, lenzi inavimba, picha inarudi kwenye retina, na ubao unaonekana safi. Ubao haukuonyeshi kazi iliyofanyika nyuma yake. Anayesahau kutoa umbali wa kazi kwenye sentimita 67 anamkuta mtu asiye na tatizo lolote na plasi moja na nusu. Hampi plasi mbili. Na wanne hawasahau kwa jicho moja tu huku kwa macho mengine wakikumbuka.

Tufanye hesabu uliyoifanya mwaka wa pili, ile kanuni ya Hofstetter. Kiwango cha chini cha akomodesheni, yaani nguvu ya jicho kulenga karibu, ni dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 15 kutoa robo ya umri. Kwa miaka 22 ni 9.50. Ili mtu asome kwa raha tunataka nusu ibaki akiba, yaani asitumie zaidi ya 4.75. Kitabu kikiwa sentimita 40 kinakula 2.50. Ongeza hizo 2.00 unazolipa kimyakimya hata ukiwa unatazama upeo wa macho, unapata 4.50. Umebaki na robo ya dayopta. Sasa wewe unalala kitandani, unasogeza kitabu "karibu zaidi". Sentimita 25 peke yake ni 4.00. Jumlisha mbili zako ni 6.00. Halafu unafanya hivyo mpaka saa nane usiku, na unasema ni uvivu!

Oftalmoskopu nayo ni hadithi ileile. Mainasi tatu kwa kila mtu si ya wagonjwa, ni ya kwako. Unaposogea karibu na uso wa mtu, misuli yako inajikaza kana kwamba unatazama kitu cha karibu, jicho lako linaongeza plasi, na gurudumu linaitoa. Wanafunzi wengi wanafanya hivyo kidogo mwanzoni. Wewe unafanya sana kwa sababu misuli hiyo haijapumzika tangu utotoni.

Kapimwe. Si na mwenzako kwenye vitendo. Nenda kama mgonjwa, ufunguliwe kadi, upimwe kwa saiklopentoleti, matone yanayolegeza misuli ya kusomea. Tropikamidi waliyokutia mara tano inapanua mboni vizuri, lakini kwa kulegeza misuli ya kusomea haina nguvu kama hiyo nyingine, na wala hawakuwa wanatafuta plasi, walikuwa wanatafuta retina. Chagua Ijumaa mchana, maana ukungu wa karibu unaweza kukaa hadi siku ya pili.

Na sijakuona, naweza kuwa nimekosea. Kichwa kikianza kukuamsha usiku, au kikaja na kutapika, au ukaona vitu viwili viwili, acha habari ya miwani, nenda kwa daktari siku hiyohiyo.

Nimerudia_Mwaka, kuhusu chakula umesema kweli. Ila ungempa ratiba nzuri tu ya kuendelea kuumwa.

Nimerudia_Mwaka

Mama, nimekubali. Uzi wa sentimita 67 niliupita kama mapambo ya hadithi.

Mgonjwa_wa_Darasa

Mama Lenzi shikamoo. Nimesoma nikiwa kwenye korido nikakaa chini pale pale.

Swali la kijinga: mbona sikuwahi kupimwa? Nimejibu mwenyewe. Siku ya kwanza ya kozi tulipimana kwa ubao, nikasoma mpaka mstari wa chini, nikaandikiwa "kawaida", na mimi nikaweka kalamu. Kwa mgonjwa nisingekubali kadi ya namna hiyo. Nimeweka miadi Ijumaa.

Mwalimu_wa_Vitendo

Nimefundisha vitendo miaka mingi na nataka kusema jambo moja ambalo limepitwa hapo juu, kwa sababu linanikera. Kutiwa matone mara tano kwa mwezi mmoja kwa mwanafunzi mmoja ni kwingi mno, na hilo si kosa lake.

Kila darasa lina mtu wa aina hii. Mtulivu, mboni kubwa, hakatai. Wenzake wanampenda kwa hilo na hakuna anayehesabu. Sisi tuna daftari mlangoni: jina, tone gani, saa ngapi, nani katia. Aliyetiwa wiki hii hatiwi tena wiki hii. Hakuna matone siku ya kuamkia mtihani. Aliyepanuliwa mboni haendeshi chombo kwenda nyumbani. Kabla ya daftari hilo nilikuwa na kijana aliyekuja kwenye mtihani wa kuandika akisoma karatasi kwa mkono ulionyooshwa, ameishika mbali kama mzee wa miaka sitini. Nilidhani anafanya mzaha.

Vivyo hivyo tone la ganzi na kipima shinikizo kile kinachogusa konea. Konea moja ikiguswa na mikono kumi isiyozoea, itie rangi ya fluoresini utazame, utaona vidoti vya kijani vimetapakaa. Ganzi inamzuia kusikia, kwa hiyo hasemi kitu, halafu anaenda nyumbani anasugua jicho.

Unayo haki ya kusema leo hapana. Vitendo ni vya hiari kwa anayekaa kwenye kiti. Ukiona aibu kusema, mwambie msimamizi aandike orodha ya zamu, atajua la kufanya.

Na meza: inua kiti chako, si shingo yako. Ukiwa kwenye ile darubini ya kukagulia jicho, mgonjwa ndiye anayefuata urefu wako. Naona vijana wa miaka 20 wamejikunja kama ndoano ili mgonjwa asisumbuke kupandishwa kiti. Una miaka thelathini na zaidi ya kukaa hapo.

Mgonjwa_wa_Darasa

Nimerudi, wiki tatu zimepita. Samahani kwa kimya.

Ijumaa ile nilienda, nikakaa kwenye kiti, nikaulizwa maswali ninayowauliza watu. Ajabu ni kwamba sikuyajua majibu. "Unasoma umbali gani?" Nikasema sentimita 40, kama kitabu kinavyosema. Akanipa kitabu, akanyamaza, akatoa rula. Sentimita 23.

Kabla ya matone nilikubali plasi 0.75 tu, ukiongeza hapo ubao unatia ukungu. Baada ya saiklopentoleti na dakika arobaini za kukaa nimefumba macho kwenye benchi: kulia plasi 2.25, kushoto plasi 2.00. Nilimwomba anirudie, akanirudia bila kuudhika. Ni hizo hizo.

Hajanipa zote. Amesema nikizivaa zote leo mbali patakuwa na ukungu kwa sababu misuli haijajua kuachia, nitaitupa miwani ndani ya siku mbili. Amenianzisha na plasi 1.25, nivae darasani na wakati wa kusoma, nirudi baada ya miezi mitatu.

Siku nne za kwanza nilitamani kuitupa kweli. Ubao wa muhadhara ulikuwa kama umepuliziwa pumzi. Siku ya tano nikasahau kuwa nimeivaa. Jumanne ya wiki ya pili nilikuwa mezani, si kitandani, nikageuza ukurasa nikaona namba 41, nikakumbuka nilianzia 12. Saa ilikuwa tatu usiku na kichwa kimenyamaza.

Nisidanganye, haijawa dawa ya kila kitu. Alhamisi, ambayo ni siku ya kliniki kuanzia asubuhi hadi jioni, kichwa bado kinakuja, ila kinakuja saa kumi na mbili na kinaondoka nikilala. Usingizi bado napigana nao: saa ya kuamka nimeiweka ileile kila siku, Jumapili imenishinda mara mbili kati ya tatu. Chakula cha mchana nakula saa saba, nimeweka alamu, wenzangu wananicheka ikilia. Habari ya kusimamisha mwaka nimeiweka pembeni kwanza.

Oftalmoskopu jana: mainasi moja. Mgonjwa wa pili, sifuri. Nilitazama gurudumu mara mbili.

Orodha ya zamu ya matone imebandikwa mlangoni. Mimi niko mwezi ujao, tarehe ya kati, mara moja. Nilipompelekea msimamizi wazo hilo nilitetemeka sauti, naye akasema tu, "Mbona hukusema mapema?"

Na yule mwenye uzi. Nilimpelekea karatasi ya majibu yangu. Akaisoma, akaikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko wa koti lake jeupe, na mpaka leo hajanirudishia. Anasema kuna mtu anataka kumwonyesha.

prizimu_base_in

Mwambie atengeneze fremu 😂

Mama_Lenzi

Plasi 2.25! Safi sana, mwanangu. Hiyo Alhamisi usiivumilie kishujaa. Katikati ya mgonjwa na mgonjwa simama mlangoni utazame mwisho wa korido, mita sita au zaidi, sekunde ishirini, ukiwa umevaa miwani. Na ukirudi baada ya miezi mitatu, nenda na kitabu unachosoma kweli, si kile cha kliniki, wakupime umbali tena kwa rula.